Pipa Chini ya Matumbawe

Ghorofa ya pili, juu ya fundi saa
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa Wifi,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Magoti yako yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua inasaidia? Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mdogo wako anakula uji vizuri na mkono wa kushoto una nguvu, ila tangu kile kiharusi kauli haijarudi.

Wifi, nina jambo limenikaa kooni, na humu ndani sina wa kumwambia.

Unalikumbuka lile tangi la kioo alilojenga sebuleni alipostaafu ufundi bomba? Lenye samaki wa baharini na matumbawe, yale unayodhani ni mawe mpaka uyaone yanajifungua na kujifunga kama viganja. Alilipanga lisinipe kazi, kwa ajili ya mgongo wangu. Mchanga hakuweka, miamba aliiinua ili brashi ipite chini yake, na koki zote ziko usawa wa kiuno. Maji ya juu yakipungua, boya linashuka na pampu inapandisha mengine kutoka pipa lililo chini. "Mama, kazi yako ni kujaza pipa tu," aliniambia. Nikamjibu, "Na wewe ujiwekee boya basi, niache kukuletea chai." Tulicheka sana siku ile.

Alipougua, nikabaki na pipa. Mimi na shule yangu ndogo nikawaza, hawa ni wa baharini, wataishije kwa maji matupu? Pakiti ya chumvi yao ilikuwa pale kabatini. Nikawa nakoroga chumvi kwenye kila ndoo ninayomimina.

Kitanda chake tumekiweka sebuleni, kinatazama tangi. Kila akiniona na ile pakiti, anaguna na kupiga ubavu wa kitanda. Namwambia, "Tulia, baba, chumvi yako sijaisahau." Naye anazidi. Nikadhani ni maumivu. Nampa dawa, namwombea, analala na machozi.

Juzi muuza samaki wa mapambo, aliyemuuzia hawa wa tangini, alipita kutujulia hali. Akapima maji, akashika kichwa. "Mama, kinachokauka ni maji tu, chumvi yote inabaki humu! Pipani yanakaa maji matupu yaliyochujwa." Nilikaa chini sakafuni, Wifi. Kumbe mtu alikuwa ananikataza kwa nguvu zake zote, na mimi namwitikia kwa dawa ya maumivu.

Matumbawe mengi yamekuwa meupe kama mifupa. Samaki amebaki mmoja. Tunaipunguza chumvi kidogo kidogo, maana ukiharakisha unawamalizia, na muuza samaki hajaniahidi kitu.

Jana nilisogeza ndoo kitandani, nikamwonjesha maji kwa kijiko, ajue hayana chumvi. Alionja. Halafu akageuza uso ukutani, na mpaka sasa halitazami tangi.

Wewe ndiye uliyembeba mgongoni kabla hajajua kusema. Utotoni, alipokuwa akigeuza uso hivyo, alikuwa amekasirika, au amechoka tu? Au alitaka kushikwa? Niandikie upesi, Wifi, maana mimi nimebahatisha vya kutosha.

Nisalimie mumeo, na binti yako fundi cherehani, mwambie shuka alizoshona ndizo anazolalia mjomba wake. Mungu akulinde uingiapo na utokapo, na hayo magoti ayape nguvu.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kama dada wa tumbo moja.