Mlango wa Mariama

Mama Wanja mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku jangwani Niger, nikitumaini goti lako limepata nafuu na mvua ya huko nyumbani Kanja imetosha kahawa kutoa maua. Wanja bado anakataa kunywa uji? Mimi ni mzima, ila vumbi limenipasua midomo.

Unajua naendesha lori la maji. Nawapelekea wafugaji wa karibu na mgodi wa urani, kwani visima vyao vilifungwa maji yalipokutwa na sumu ya mgodi. Ukisimama ukingoni mwa shimo la mgodi, malori yaliyo chini ni kama siafu. Kando yake nilidhani naona kilima kama cha Karue, kumbe ni mabaki ya mawe yaliyorundikwa na watu.

Wiki jana wapimaji wa mionzi ya urani walifika kwa Mariama, mama mjane ninayemshushia maji. Marehemu mumewe alijenga nyumba kwa vyuma chakavu vya mgodini vinavyouzwa sokoni. Mashine yao ililia pole pole, lakini ilipokaribia mlango ikalia mfululizo, kama bisi kwenye sufuria.

“Mlango huu una sumu,” mpimaji akasema. “Usilale humu tena.”

Mariama akaupapasa. “Mbona hauna harufu?”

“Sumu hii hainuki, wala haionekani.”

“Watoto wangu wote nimewazalia humu.”

Fikiria, Mama Wanja. Chuma kimya, kimeishi na watu miaka yote hiyo. Nikakumbuka sufuria niliyonunua soko lile lile, niliyokuwekea ya kupikia githeri. Ikapimwa, mashine ikalia tena. Nimewaachia wapimaji. Daktari amenipima, hajaona tatizo, kwa hivyo usikose usingizi.

Jioni majirani walikuja bila kuitwa, wakiwa na ngamia, mikeka na nguzo. Nikavua koti nikasaidia. Jua likitua, hema lilikuwa limesimama mbali na ule mlima wa mabaki ya mgodi, upande ambao vumbi lake halifiki. Sijawahi kuona nyumba ikizaliwa hivyo. Mariama akatumiminia chai, kisha akashika mkeka uliokuwa ukipepea mlangoni.

“Huu,” akaniambia kupitia kwa mkalimani, “nikiugusa najua ni nini.”

Nisalimie mama yangu, shemeji Njeru anayekukamulia ng'ombe, na shangazi anayekaa na Wanja ukienda sokoni. Nawe ukifungua mfereji pale uani, jaza kikombe, unywe bila kuwaza chochote. Huku sijakutana na mtu anayeweza kufanya hivyo.

Wako daima,
Baba Wanja