Riviera ya Baba Iko Njiani

Flint, Jumanne

Kaka Wendell mpendwa,

Huku hatujambo. Theluji imeyeyuka, na mwanangu ameota jino.

Jumamosi alikuja mkusanyaji wa magari ya kale kuitazama Riviera ya baba. Aliizunguka, akaipapasa milango yake miwili, akasema, "Mzee, rangi hii bado ni ya kiwandani. Taja bei yako."

Baba akamjibu, "Gari hili lina mwenyewe. Ni la mwanangu aliye Tulsa."

Hakuwahi kukutaja tangu mlipotukanana kwenye mazishi ya mama. Leo asubuhi ameondoka nalo, yeye asiyelitoa hata kukiwa na manyunyu. Atafika kwako Alhamisi.

Hajui kuomba radhi, unamjua. Akikupa funguo kimyakimya, mkaribishe ndani.

Dada yako akupendaye,
Arlene