Bastola yenye Mpini wa Mpingo

Nkowe, Ruangwa

Mjukuu wangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo. Korosho zimeanza kudondoka, na bibi yako, mke mwenzako, anakusalimu.

Umeuliza ile bastola uliyoiona kwangu ni ya lini na ilitoka wapi. Chuma husomwa kwa mhuri: ule ulio juu ya mtutu ni wa kiwanda cha Ujerumani, wa kabla babu yangu hajaoa. Lakini mpini ni wa mpingo, nao hausomwi kwa macho.

Kaka yangu Hamisi alivuka Ruvuma na wapigania uhuru, habari zake zikakatika. Mama aliendelea kumwekea chakula kila jioni. Kisha mgeni akatufikia Lionja, tulikokuwa tukiishi, na bastola hiyo. "Niliiokota ng'ambo, mzee. Wanasema mpini huu ni kazi ya huku."

Baba aliishika kwa mkono wa kulia, ikamkataa. Akaihamishia kushoto, kidole gumba kikazama kwenye kishimo kilichochongwa mpinini. Hamisi alikuwa mashoto, na mipini ya visu vyetu vyote aliichonga hivyo.

"Mama Hamisi," baba akaita, "leo usimwekee."

Kesho naipeleka polisi Nachingwea. Mpini nimeufungua, nimekutunzia. Nawe ni mashoto, utakuenea.

Babu yako