Siku Gari la Sinema Lilipokurudisha Chanika

Kwako Mama, uliyelala Chanika,

Shikamoo. Sijui kama huko mliko salamu zinafika, ila hukunilea nianze maneno kabla ya salamu.

Juzi nilipita Gongo la Mboto nikakuta wanabomoa ule ukumbi wa sinema. Wewe hukuujua, ulijengwa baada yako. Sinema uliyoijua ni ile ya gari la serikali, lililotujia Chanika mara mojamoja, likasimama uwanjani karibu na duka la ushirika. Walitundika shuka jeupe, wakawasha jenereta, nasi tukakaa mchangani. Ulipenda kukaa mbele. Simba alipotokea kwenye shuka nikajificha ndani ya khanga yako, ukanicheka: "We Zuhura nawe! Picha tu hiyo, haina meno."

Unawakumbuka wale mabwana waliokuja na kamera kwenye shamba la ujamaa, mkipanda muhogo? Jioni ulimwambia Baba, "Leo tumepigwa picha ya sinema. Tutaonekana mpaka Bukoba." Baba akakutania kwamba huko Bukoba watu watakimbia. Masika yaliyofuata homa ikakuchukua.

Mama, hakuna aliyetuambia kwamba picha ile imo garini. Gari lilipokuja tena, Shangazi Tatu alimvuta Baba kwa nguvu atoke ndani, akapunge upepo. Ilikuwa ndiyo kwanza giza linaingia. Wakaonyesha filamu ya kilimo, na mara ukatokea wewe: khanga kiunoni, jembe begani, unakuja moja kwa moja pale tulipokaa. Ukajifuta jasho, ukatutazama, ukasema neno. Lakini sauti iliyosikika ilikuwa ya mwanamume, akieleza faida za muhogo.

Baba akasimama. "Mama Zuhura!"

"Mzee, kaa chini, unatuziba!" mtu akapaza sauti nyuma yetu.

"Mwacheni," Shangazi akasema. "Yule ni marehemu mkewe."

Wewe ukafika ukingoni mwa shuka, ukapotea, naye Baba akaenda kuchungulia upande wa pili. Kulikuwa na nyasi tu. Akamwomba bwana wa gari airudie, na yule bwana, alipoelezwa, akairudia. Wazee kadhaa wakajiondokea wakisoma dua.

Tangu siku hiyo Baba akawa analifuata gari lile kwa baiskeli, Pugu, Kisarawe, popote aliposikia limekwenda. Shangazi alimkemea: "Kaka, unamfuata maiti. Atakupa nini?"

"Kuna neno alilisema," Baba akamjibu. "Nikiutazama mdomo wake vizuri, nitalijua."

Mie nilikuwa namngoja. "Umemwona?" Siku alizokuona, alikula. Siku walizoonyesha filamu nyingine, alilala na nguo zake.

Mwisho akarudi akakaa kizingitini, hakuvua hata viatu. Mkanda wa filamu ulikuwa umekatika, akaniambia, wakauunga; kile kipande chenu wanawake hakimo tena. "Trekta inapita," akasema, "halafu trekta nyingine." Hakulifuata tena gari lile.

Baadaye petroli ikawa shida, gari nalo likakoma kuja. Mfanyabiashara mmoja ndiye aliyejenga ukumbi wa Gongo la Mboto, wa mabati na mabenchi, akaleta filamu za Kihindi, watu wakawa wanatoka wamevimba macho kwa kulia. Nilimsihi Baba twende. Alikubali mara moja tu. Taa zilipozimwa akainamisha kichwa, akatazama miguu yake mpaka filamu ikaisha. Alifariki bila kuniambia kama neno lako alilipata.

Sasa mie ni mtu mzima kuliko wewe ulivyowahi kuwa. Kinachonitesa si kwamba nimekusahau. Ni kwamba picha ile imekula nyingine zote. Shangazi aliniambia khanga yako ile ilikuwa nyekundu; mie naiona ya kijivu. Nikikumbuka unanisuka, mikono yako nayo haina rangi. Na nikikuota, unanijia, unafungua mdomo, nami nakaza masikio. Anazungumza yule mwanamume. Anaeleza habari za muhogo.

Pumzika, Mama. Ukijaliwa, nijie hata mara moja na sauti yako mwenyewe.

Mwanao wa pekee,
Zuhura