Kwa mkwe wangu, kuhusu bwawa la maji ya moto

Mkwe wangu,

Sitaanza kwa kukuita mpendwa, maana nitakuwa nimekudanganya kwenye mstari wa kwanza. Nakuandikia waziwazi, wasome wote wa jumuiya yetu hapa Sydney, kwa kuwa wewe ndiwe uliyenianika mbele yao. Juzi ulimtuma mchungaji anisihi nimpe jina mtoto wenu wa tatu, aliyezaliwa huko Brisbane mlikohamia. Unasema mpaka leo anaitwa Bebe tu. Nitakujibu, lakini kwanza nikukumbushe.

Ulinifuata kwangu Guildford, hapa Sydney, asubuhi na mapema, wewe, binti yangu na watoto wawili. Magoti yangu yalikuwa yamevimba. Ukasema kuna mji wa zamani huko mashambani, maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto, wazee huingia wakilia na kutoka wakicheka. Nilikuombea baraka kimoyomoyo. Siku ile nilikupenda, sioni sababu ya kuficha.

Tulivuka milima tukashukia nchi tambarare isiyoisha, pamba imetapakaa kingo za barabara ilipodondoka kutoka kwenye malori. Ulisimama shambani ukaninunulia mfuko wa pekani, zile karanga zinazozaa juu ya mti, ukanibangulia mwenyewe kwa sababu vidole vyangu vinauma. Mjini ulinionyesha mahakama ya kale na hoteli yenye roshani ya chuma kilichofumwa kama lesi. Kwenye ukumbi wa mabwawa kulikuwa na picha za wagonjwa wa zamani wakishuka kwenye treni, na kofia zao na magongo yao. Nilisoma maelezo yote ukutani. Ukanicheka: "Mwalimu huyu! Atasoma hata bei ya sabuni!" Nami nikacheka. Niliwaza chemchemi ya kwetu, wanawake wakishuka asubuhi na wanaume jioni, bila mtu kubandika tangazo lolote.

Niliingia majini na vazi lililonifunika hadi vifundoni. Kando yangu alikaa bibi mmoja Mkroeshia anayeishi mtaa wa Lidcombe, hapa hapa Sydney, huja kila mwaka na chupa yake ya chai. Nikaanza kumweleza habari za magoti, akanikatiza: "Magoti? Kaa. Maneno baadaye." Nikakaa. Kwa mara ya kwanza tangu tuhamie nchi hii, mwili wangu wote ulikuwa na joto kwa wakati mmoja.

Ndipo ulipokuja, kifua wazi, ukarukia humo humo.

Kwetu mkwe na mama wa mke wake hawaoneani miili, wala hawaogi maji mamoja. Huwezi kudai hukujua. Ulizaliwa kwetu Fizi na bibi yako ndiye aliyekulea kwenye kambi ya wakimbizi. Kabla ya harusi, ukiniona naingia mlango mmoja ulitokea mwingine. Kiti nilichokalia hukukigusa. Na siku hiyo, mbele ya wageni, ulipaza sauti: "Mama mkwe, leo tumepikwa chungu kimoja!"

"Toka," nikakuambia.

"Mama, tulia, ni mayi tu. Hapa hatuko Fizi."

Binti yangu alikuwa na watoto upande wa bwawa la baridi. Ngazi ilikuwa mbali na magoti hayakuniruhusu kuikimbilia, hivyo niligeukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Bibi wa Lidcombe aliniuliza wewe ni nani kwangu. Nikamwambia. Alichukua taulo lake kubwa, akasimama ndani ya maji na kulitandaza kati yako na mimi, mpaka binti yangu alipofika kunitoa. Mgeni asiyejua hata neno moja la lugha yetu alinisitiri. Wewe ulikuwa umechukua simu yako ukingoni, unarekodi video huku ukicheka.

Video hiyo uliirusha kwenye kundi la jumuiya na maneno "Mama mkwe supastaa". Hatujafika hata nyumbani, ilikuwa imemfikia kaka yangu kwetu Uvira, akanipigia. Hakunisalimu. "Dada, umeoga na mkweo?" Unadhani nilimjibu nini?

Kaka hakutaka makubwa kutoka kwako. Alisema tuma mtu mzima, alete kitenge anifunike nacho mabegani, aseme kwa niaba yako kwamba yamekwisha. Hivyo tu. Ukamjibu binti yangu, nami nilikuwa nasikia simuni: "Kitenge cha nini? Kabati lake limejaa vitenge!" Kisha mkahama.

Sasa unataka jina. Kwetu mama wa baba ndiye humpa mtoto jina. Mama yako alifia kambini, na kwa watoto wawili wa kwanza ulikuja kuniomba nishike nafasi yake. Ulikaa kizingitini, ukapiga makofi taratibu, ukangoja niseme ingia. Ulifanya vizuri kuliko vijana wengi. Kwa hiyo desturi unaijua, ila unaijua ukiwa na haja nayo. Ikikutaka wewe uiname, basi hatuko Fizi.

Mchungaji ananiambia nisamehe. Nimekwisha kukusamehe katika sala, na anajua. Lakini yeye alikuja na Biblia, hakuja na kitenge. Sala ni kati yangu na Mungu. Hili ni kati ya nyumba mbili, na watu waliona.

Binti yangu alinipigia akilia, akinisihi nitaje tu jina: "Mum, just say the name, please." Sikulitaja, akakata simu. Usifikiri nililizuia kwa raha. Jina ninalo. Nalitamka peke yangu nikikunja nguo, nasikia linavyokaa mdomoni, na kila siku linazidi kuwa la mtoto huyo. Nina hofu kwamba atalizoea hilo la Bebe kabla hajalisikia lake. Hofu hiyo haitanifanya nilitoe kupitia simu, kwa mtu aliyenicheka nikiwa nimegeukia ukuta.

Tuma mtu mzima. Mlango wangu unaujua. Akija, atanifunika, atanywa chai, na ataondoka na jina. Asipokuja, mtoto atakua na mtakalomwita, nami nitalia kwangu bila kukuomba chochote.

Binti yangu usimpe salamu zangu, nitampigia mwenyewe jioni hii. Kumpenda mwanangu hakuhitaji mjumbe.

Ni mimi,
mama wa mke wako