Mawaridi ya Baba Furaha

Jumatatu, Oktoba 2017. Bellevue.

Joto limenikaba tangu asubuhi. Mawingu yamejaa, mvua hainyeshi. Nina hasira, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Jana nilimpeleka Mama Furaha bustanini. Ni jirani yangu, fundi cherehani kutoka Bukavu, chumba chake kiko juu ya changu. Mumewe alifariki mwezi wa sita. Baba Furaha alifanya kazi miaka tisa katika ile bustani ya kilimani, iliyotengenezwa enzi za himaya ya Waingereza kwa ajili ya tajiri mmoja wa dhahabu na magavana waliomtembelea. Siku hizi Jumapili huwa wazi, watu wanakwenda kutuliza roho. Mama Furaha hakuwahi kuingia hata siku moja. Alitaka kuona mahali mumewe alipokuwa akishinda.

Ni pazuri, sitadanganya. Ngazi za mawe, maji yanayotiririka taratibu, miti mikubwa inayomeza kelele zote za jiji. Tulikaa pale karibu nusu saa, nikamwona akipumua kama mtu aliyetua mzigo.

Kisha tukafika kwenye mawaridi yanayotambaa ukutani. Matawi yalikuwa yamefungwa kwenye waya kwa vipande vya kitenge. Mama Furaha akavishika. Vilikuwa vyake, mabaki ya nguo alizoshona. Mumewe alikuwa akivibeba kwenda kazini, akisema kamba inaumiza mti.

Akaanza kulia polepole.

Hapo ndipo mwongoza wageni alipofika na kundi lake, akieleza jinsi mke wa yule tajiri alivyoiotesha bustani hii kwa mikono yake.

Kwa mikono yake.

Alipomwona Mama Furaha ameshika tawi, akamwambia asiguse. Halafu akamwita mfanyakazi, akamwagiza avikate vile vitambaa, eti vinaharibu sura ya bustani ya kihistoria. Mama Furaha Kiingereza chake ni kidogo, lakini mkasi aliuona. Akanigeukia.

"Dada, umwambie ni bwana yangu njo alifunga hizi. Asikate."

Mimi Kiingereza ninacho. Ndicho kinachonilisha, nafanya kazi ya mapokezi. Lakini kundi zima lilikuwa likinitazama. Nikafungua mdomo nikasema samahani, huyu mama ana msiba, tunaondoka sasa hivi.

Niliomba samahani mimi.

Vitambaa vikaanguka chini kimoja kimoja. Mama Furaha akaokota vitatu, akavitia kwenye pochi.

Kwenye teksi, tukiwa tumesimama kwenye roboti, kama taa za barabarani zinavyoitwa huku kusini mwa Afrika, akaniuliza yule mtu alijibu nini. Nikamwambia amesema pole, lakini ni amri ya wakubwa. Uongo mtupu. Niliutunga kabla taa haijawa kijani.

Namkasirikia yule mwongoza wageni. Nawakasirikia wale wanaokwenda kupumzika pale bila kujiuliza nani alipiga magoti kwenye udongo. Ila ulimi wangu naukasirikia zaidi. Katika jiji hili nimejifunza kunyamaza, na kuna siku kunyamaza kuliniokoa, sisi tuliotoka nchi nyingine tulipokuwa tukisakwa mitaani. Jana hapakuwa na mtu mwenye rungu. Palikuwa na watu wenye kofia za jua.

Jioni hii nimepanda ngazi, nikamwambia ukweli wote. Hakuinua macho kwenye cherehani.

"Nilijua, dada. Neno bwana kwa Kiingereza ninalijua. Nilingoja nilisikie, halikutoka."

Nikakaa sakafuni kwake, nikimsikiliza akimaliza mshono. Mwishowe nikamuuliza kama Jumapili tutarudi, nikalitoe lile neno mbele ya kundi lolote litakalokuwepo.

Akakata uzi kwa meno. Akasema tutarudi, lakini safari hii mimi nitangulie mbele.