Lori Tulilolisomea Fatiha

Changamwe, Mombasa
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Mwanaesha,

Shikamoo Dada. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na wanao, na Baba macho yake yametulia kidogo kwa ile dawa niliyompelekea. Mimi mwili wangu hauna neno, nashukuru Mungu, nala na naenda kazini. Moyo ndio mgonjwa. Kama umesimama, keti. Na kama Baba yuko karibu nawe, jitenge kwanza uisome peke yako, maana najua ulivyo, barua zangu huzisoma kwa sauti kabla hujajua kilichomo ndani.

Lori halipo, Dada.

Nimelisema mapema nisije nikazungukazunguka mpaka karatasi ikaisha. Barua iliyopita nilikwambia lori limepatikana, jipya, na mjitayarishe kulipokea. Ukanijibu kwamba Baba ametoa sadaka na wanafunzi wa chuo cha Kurani wamesoma dua na kula wali, na kwamba yule dalali wa maembe alipokuja kuangalia miti kama afanyavyo kila msimu, ulimrudisha mlangoni ukamwambia mwaka huu maembe yetu yatakwenda Mombasa kwa lori letu wenyewe, na yeye atafute wajinga wengine. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu niliposoma maneno hayo. Sasa sithubutu kuyasoma tena.

Wacha nikueleze ilivyokuwa, upate kujua sikukaa tu nikangoja.

Siku ya kwanza nilikwenda nikitoka kazini. Kazi yetu hapa ghalani ni kupakia saruji, na saruji haitoki mwilini hata ujipanguse vipi. Duka la magari liko hapa hapa Changamwe, kando ya barabara kuu, vioo vitupu, na magari yamepangwa ndani yanang'ara kama vyombo vya bibi harusi. Askari wa mlangoni akaniuliza mzigo nimeuweka wapi. Nikamwambia sikuleta mzigo, nimekuja kununua lori. Akaniangalia viatu kwanza, kisha akanifungulia.

Ndani mlikuwa na wauzaji watatu wamefunga tai. Nikasimama nikangoja kukaribishwa, kama tulivyolelewa. Huingii mahali pa mtu ukaanza kushikashika vyake kabla hajakujua wewe nani. Basi nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Mwisho akaja kijana mmoja wa bara, akaniuliza, "Mzee, unanunua ama unaangalia tu?" Mzee! Mimi! Nikamwambia nataka lori. "Umetumwa na kampuni gani?" Nikamwambia nimetumwa na babangu. "Babako ni waziri?" Wenziwe wakacheka, akaenda zake kumlaki mtu aliyeshuka kwenye gari la maana. Nikatoka. Nilichonunua siku hiyo ni maji ya kunywa, hapo nje.

Nikajilaumu mwenyewe kwa zile nguo. Ijumaa nikaomba ruhusa kazini, nikaoga, nikavaa kanzu niliyoshonewa na Baba, nikajifukiza na udi. Nikaingia nimenyooka. Yule binti wa mapokezi hakuniacha hata nifungue kinywa. Akaniambia kwa heshima kabisa, "Pole Ustadhi, meneja amesema mwezi huu hatuna mchango wa msikiti." Wallahi, Dada, huo ndio uliokuwa mlango wa kununulia lori. Kwa nguo za kazi mimi ni mchukuzi, kwa kanzu mimi ni muomba michango. Sijui mtu avae nini ndipo aonekane mnunuzi.

Hapo ndipo alipotoka Bwana Swaleh. Ni mtu mzima, tai shingoni na kofia ya viua, ile ya kushonwa kwa mkono, kichwani, na sauti ya kwetu. Akamkemea yule binti, akanipa mikono yake yote miwili.

"Assalamu alaykum, ndugu yangu. Hawa watoto hawajui watu, wasamehe. Wewe watoka wapi?"

"Witu," nikamwambia.

"Witu! Bibi yangu mzaa mama mtu wa Siyu, huko huko upande wenu. Basi wewe si mgeni, wewe uko kwenu. Keti, tafadhali. Kahawa ama chai?"

Dada, baada ya yale niliyoyaona, ningemfuata mtu huyo popote. Tulikunywa kahawa, akaniuliza mvua, akaniuliza maembe yamezaa vipi, akaniuliza Baba afya yake na jina lake kamili. Lori hatukulitaja mpaka vikombe vilipokuwa vikavu, kama watu wastaarabu. Kisha akanipeleka. Lilikuwa jeupe, bodi ya mbao yanuka rangi, viti bado vimevishwa plastiki. Akaniambia nipande nishike usukani. Nikaukamata, nikatazama kile kiti cha pembeni, nikamwona Baba amekikalia na bakora yake katikati ya magoti, aona Witu yote kutoka juu. Hapo nilikwisha.

Alinisukuma nichukue kwa mkopo, nilipe kidogo kidogo. Nikamwambia fedha ya shamba la minazi alilouza Baba iko tayari yote, na Baba hataki kusikia harufu ya riba. Akaifunga faili ya mikopo. Kisha akasema, "Mzee wako mtu wa dini, mashallah." Mimi nikadhani amefurahi.

Nikamwambia basi kesho nitaleta arubuni ili lori lishikwe kwa jina letu. Akaweka mkono kifuani. "Arubuni ya nini baina yetu, Lali? Siku karatasi zikiwa tayari utaleta zote pamoja. Njoo tusome Fatiha." Tukasimama mbele ya lile lori, tukafungua mikono, tukasoma, tukajipangusa nyuso. Na wewe wajua kwetu Fatiha ni nini. Hivyo ndivyo Baba alivyouza lile shamba, hivyo ndivyo ulivyoposwa wewe. Mtu akishasoma Fatiha nawe, neno limekwisha, hakuna wa kuja nyuma yako. Ndiyo sababu nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kukuandikia kwamba lori limepatikana. Sikukudanganya, Dada. Kwangu mimi lilikuwa limepatikana.

Kuanzia hapo ikawa ni njoo kesho. Nikienda, sahihi ya meneja haijapatikana. Nikirudi, nambari hazijatoka. Mara bodi yaongezwa rangi, mara mwenye funguo za kabati la karatasi kaenda mazishini. Kila nikienda nakatwa mshahara, na msimamizi wetu ghalani ameanza kuniita tajiri wa malori. Na Bwana Swaleh hakuwahi kunionyesha uso mbaya, hilo nalisema wazi. Kila siku kahawa, kila siku "Mzee hajambo?" kwa jina lake. Siku moja akasema tairi la akiba halimo katika bei, siku nyingine akanirudia na habari za mkopo, "fikiri tu, sikulazimishi." Kuna mwenzangu hapa ghalani aliniambia, "Lali, huyo anakuweka kiporo." Nikamkasirikia. Nikamwambia huyu si kama wale, huyu ni mtu wetu.

Juma lililopita nikaenda nikakuta pale lilipokuwa lori pameoshwa, sakafu bado majimaji.

Nilidhani limepelekwa kufungwa nambari, nikafurahi! Nikamuuliza yule kijana wa bara, yule wa siku ya kwanza, na yeye ndiye aliyenijibu kweli. Limeuzwa. Mtu mmoja kachukua malori matatu kwa mkopo, na muuzaji wa mkopo hupata kamisheni kubwa kuliko wa fedha taslimu. "Hukujua, mzee?" akaniuliza, na safari hii hakucheka. Afadhali angecheka.

Nikapiga kelele, Dada. Mimi, ambaye wewe huniambia sauti yangu haiamshi hata kuku. Meneja akatoka ofisini kwake, mtu mpole, sitamsingizia. Akaniuliza, "Una karatasi gani?" Nikamwambia sina karatasi, tulisoma Fatiha na Bwana Swaleh, hapa hapa, mbele ya lori. Meneja si mtu wa dini yetu wala wa pwani, hakuelewa. Akamgeukia Swaleh aliyekuwa amesimama kando na faili kwapani, akamuuliza, "Fatiha ni kitu gani?"

Nikamtazama. Nilijua sasa atasema. Hata kama lori limekwenda, atasema ni kitu gani.

Akasema, "Ni desturi ya watu wa pwani tu, bwana. Kama kusalimiana."

Meneja akanipa pole, akaniambia shehena nyingine itashuka bandarini, lakini bei zimepanda kwa jinsi hii shilingi yetu inavyoanguka. Aliponitajia bei mpya nikapiga hesabu. Fedha zote za shamba la Baba hazifiki. Nilivuka kwenda kisiwani kwa wauzaji wengine nikaulizia, huko nako ni hivyo hivyo au zaidi. Kama ningenunua kwingine siku ile ya kanzu zingetosha na za mafuta zikabaki. Lakini siku ile nilikuwa nimeshaposa, naulizaje nyumba nyingine? Nimekwenda mpaka Mtopanga kuangalia lori kuukuu la mtu, limelala juu ya mawe, injini imeliwa na kutu, na mwenyewe aapa kwamba ni zima. Na jambo ni lile lile lililotumaliza zamani, lori bovu la kukodi lilipokwama na maembe yetu katika matope ya Garsen. Sikuthubutu.

Nilifikiri mambo na Bwana Swaleh yamekwisha, lakini Ijumaa hii aliningoja nje ya msikiti, hapa kwetu. Uso wake ulikuwa umesawijika. Akaniambia ana watoto sita, na pale kazini mwezi ukipita hujauza kwa mkopo hata gari moja, wanakutoa. Akaniambia shehena mpya ikishuka ataniwekea lori moja, la rangi nitakayo, na kilichopungua tutakitafutia njia. "Wallahi Lali, safari hii ni lako." Akafungua mikono, pale pale kizingitini, watu wakitoka msikitini.

Mimi mikono yangu niliifumbata nyuma. Akaanza kusoma, akafika katikati, akaniona. Akakatiza, naye akaishusha mikono yake. Nikamuacha hapo. Katika maisha yangu sijapata kumkatalia mtu Fatiha, hata adui yangu, na tangu Ijumaa silali vizuri wala chakula hakina ladha. Yeye ndiye aliyekosa, na mimi ndiye nionaye haya. Eleza wewe unayejua, maana mimi sielewi.

Sasa sikiliza, Dada, hili ndilo la haraka. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, siitii posta. Ukiipata tu, jifunge buibui lako uende kwa dalali. Usitume mtoto na usimngoje Baba. Maembe ya ngowe yakianza kuanguka hayangoji mtu, na malori mengine hayaji Witu bila kupitia kwake. Najua ulivyomwambia. Najua itakuwa tamu kwake kuliko embe lenyewe. Atakuketisha, atakuuliza lori lenu jipya limefika wapi, ataita na wenziwe wasikie. Mwache aseme mpaka achoke. Akikupa bei ya matusi, ichukue. Kama si mimi, ungelikuwa umekaa kwako barazani, yeye ndiye akikubembeleza. Nimekufanya uende ukabembeleze wewe, na hilo ndilo liniumalo kuliko lori.

Fedha za shamba ziko salama, kila mtu na ajue hivyo. Baba akitaka nizirudishe nyumbani nitakuja nazo mwenyewe. Lakini aliyenunua lile shamba ameshang'oa minazi, nasikia, na hata akitaka kuuza tena, kitakachouzwa si kile tulichokitoa.

Nisalimie shemeji, mwambie leseni yake ya kuendeshea malori aiweke vizuri, isiliwe na mende. Msalimie mwalimu wa chuo, na umuombe radhi kwa ile dua waliyoisoma. Wapwa zangu wote wabusu, yule mdogo mwambie honi niliyomuahidi haipo. Shangazi mpe mkono. Usimwambie kitu mpaka akuulize, na najua atakuuliza.

Baba mwambie kosa ni langu. Mwambie nilizubaa mjini, nikachelewa, bei ikapanda. Atakasirika, na akasirike, ana haki yake. Msomee yote utakayo, habari za viatu, za kanzu, hata umchekeshe na ule mchango wa msikiti. Lakini ukifika pale meneja alipouliza Fatiha ni kitu gani, ruka, Dada. Usimsomee alivyojibiwa. Yeye ndiye aliyenishika mikono yangu nikiwa mdogo akanionyesha inavyofunguliwa.

Nduguyo akuombaye radhi,
Lali